Kampuni Imeuzwa Tena, Sasa Wanataka na Sauti Yangu

Wadi Kabir, Maskati

Mama mpendwa,

Naomba barua hii ikukute umeamka vizuri, na lile goti likiwa limekuachia ufike kanisani. Mimi mwili hauna neno. Roho ndiyo imechoka.

Uliniuliza kwenye simu, "Wakesho, mbona kila mara una mwajiri mpya na kazi ni ileile?" Kazi ni ileile, Mama: naingiza sauti ya Kiswahili kwenye katuni za Wamarekani. Wanaobadilika ni wenye kampuni. Ilianzishwa na mzee mmoja aliyekuwa na gazeti katika mji mdogo huko Marekani. Akaongeza redio, kisha televisheni. Alipofariki, watoto wake wakagombana, wakauza. Walionunua ni watu wa simu; nao wakaichoka, wakaiunganisha na kampuni ya sinema. Sasa hao nao wameachana na kugawana mali, na sisi wa Kiswahili tumeangukia kwa matajiri ambao hata mudiri wetu, yaani meneja wa hapa, hajawahi kuwaona. Kila wakija wapya tunabadilishiwa vitambulisho, na likizo niliyokubaliwa na wale wa zamani inafutwa. Ndiyo maana sikuja kumzika Shangazi. Hilo bado linaniuma.

Wiki iliyopita mudiri alituita, mimi na Bi Zuwena. Huyu ni mama wa Kiomani ambaye wazazi wake walitoka Unguja. Kwenye katuni yeye ndiye bibi, mimi mjukuu. Mudiri akatuwekea karatasi mezani. Wenye kampuni wapya wanataka ruhusa ya kutia sauti zetu kwenye mashine, iseme lolote watakalo hata sisi tusipokuwepo.

"Mpaka lini?" nikauliza.

"Daima."

"Na kampuni ikiuzwa tena?"

Akainamisha macho. "Zitakwenda na kampuni. Wakesho, hata mimi sijui kama mwezi ujao nitakuwa hapa. Weka sahihi tu, dada yangu."

Bi Zuwena akaisukuma karatasi yake. "Mie nna wajukuu," akasema taratibu. "Nikishakufa, wanisikie nauza sabuni?"

Mimi nilishika kalamu, Mama. Niliwafikiria nyinyi wote mnaonitegemea. Kisha nikaiweka chini. Nikamwambia mudiri, "Wote waliokuja nimewafanyia kazi bila kulalamika. Hili siwezi."

Jana jibu likaja: mikataba yetu haiendelei. Katuni zitasemwa na wengine waliokubali, na siwalaumu. Kinachonichoma ni kwamba sina hata mtu wa kumkasirikia. Ukiuliza nani ameamua, unaambiwa Marekani. Ukiuliza Marekani nani, unaambiwa wenye hisa.

Bi Zuwena ameniombea kazi kwa mpwa wake mwenye shule ya chekechea. Wakikubali kunihamishia viza, nitarudi huku. Lakini kwanza nakuja nyumbani nikuone.

Nisalimie Baba Mdogo anayekuchungia mbuzi, dada Mkamburi na mtoto wake mchanga, na mama mchungaji anayekusomea barua zangu. Majirani watauliza maswali. Usiwaambie nimefukuzwa. Waambie niliombwa kitu nikakataa.

Mwanao akupendaye,
Wakesho