Tunda Tulilolizika Karungu

Ndugu yangu Joash,

Pokea salamu kutoka huku bonde la miwa. Mimi ni mzima, ila goti linanisumbua asubuhi. Mama anaendeleaje na macho? Na wewe, na yule ng'ombe wako mkaidi? Nimeandika kwa sababu simu yako huiweka spika hata kanisani, na haya si ya kanisa.

Huku hakuna jipya sana. Kijiji ni kile kile: steshoni, maduka machache, na kilima kila upande. Siku ya treni ya abiria watu wote hukimbilia pale, hata wasiosafiri. Mimi nawauzia chai na omena, wale dagaa wa kwetu Karungu. Wanasema inanuka, kisha wanarudi kuongeza.

Mama aliniambia wazee wamekubaliana umrithi Edith, mjane wa kaka yetu Maurice, mwezi ujao. Tena alisema kila siku uko juu ya ngazi ukimbadilishia mabati ya nyumba. Sikupinga. Ni miaka minne tangu mtumbwi wa Maurice upatikane mtupu. Nilikuwepo tulipozika tunda la mti wa yago mahali pa mwili wake, kama ilivyo desturi yetu, maana ziwa lilikataa kumrudisha. Nililia mpaka sauti ikanikauka.

Sasa keti chini, Joash.

Wiki jana treni kutoka Kisumu ilishusha mwanamume mwembamba mwenye ndevu nyingi. Alinywa chai yangu akiwa amegeuza uso. Alipoomba kikombe cha pili, niliijua sauti. Ni Maurice. Chai ilinimwagikia mkononi, sikuhisi kitu.

Anasema askari wa ng'ambo walimkamata ziwani, akafungwa jela huko. Walipomwachilia alifika Kisumu, akakutana na mvuvi wa kisiwa cha Takawiri anayemfahamu. Yule alitimua mbio, kisha akamwambia kwa mbali kwamba alishazikwa. Maurice akaogopa kuingia bomani wakati kaburi lake liko pale, asije akawaletea watoto wake kifo. Ndiyo maana alinitafuta mimi kwanza.

Nimempa chumba cha nyuma. Halalamiki, anakula tu na kulala. Jana aliniuliza jambo moja: "Edith ana mtu?"

Nilimjibu bado. Jina lako sikulitaja, na usiku ule sikupata usingizi.

Najua unampenda Edith, na hilo si kosa lako. Lakini waulize wazee mtu aliyekwisha kuliliwa huingiaje kwake, na lile kaburi linafanywaje. Na ile ngazi uiondoe kabla hatujafika.

Mama umpe habari akiwa ameketi, na umshike mkono. Edith mwambie namsalimu, mengine ayasikie kwa wazee. Maurice naye anakusalimu. Nilimwambia wewe ndiye unayeitengeneza nyumba yake, na amekushukuru sana.

Dada yako,
Leonida