Siku Ile Tulikimbia Watatu

Kwa mama Godwin,
Nyamwaga, Tarime.
Jumatatu, 16 Juni 2025

Mpendwa mume wangu Joel,

Marahaba. Najua shikamoo yako iko njiani, nimeipokea kabla haijafika. Hujambo huko Songea? Frida hajambo? Maziwa yanatoka? Mwambie anywe uji wa wimbi asubuhi na jioni, asidanganywe na chai. Mtoto analala? Kitovu kimekauka? Nijibu yote, usijibu moja ukaacha mengine kama kawaida yako.

Sisi huku hatujambo. Goti langu la kushoto linaniamsha kuliko jogoo, lakini bado linanibeba. Mahindi tumeanza kuvunja. Ndizi zimezaa mpaka tumeziwekea miti ya kuegemea. Yule ng'ombe mwekundu uliyempenda amezaa dume, ana kichwa kigumu kama chako.

Anayeshika kalamu ni Agness, mke wa baba yako mdogo Godwin. Mimi shule niliiona kwa nje tu, nikipita na kuni. Nimemwambia aandike ninavyosema, asiniwekee sukari. Ameshaguna mara mbili na bado sijaanza. Utauliza kwa nini sikupiga simu. Kwenye simu unanichekesha, nikicheka hasira inatoka, na hii nimeitunza wiki mbili, sitaki iharibike.

Barua hii ni ya jina la mtoto. Jibu ninalo, lakini hulipati mpaka nimalize kusema.

Godwin alinijia nikipepeta mtama, simu mkononi. Akaniambia, "Mama, acha ungo, njoo umsikie mume wako redioni." Nikaacha. Nikasikia sauti yako, nene, ya mtu mzima, ukiwaeleza watu wa Songea zile mbio zako za kilomita sitini. Mimi sijui kilomita, Godwin akaniambia ni kama toka hapa mpaka Mugumu na kuzidi kidogo. Nikasema, huyo ni wangu.

Mtangazaji akakuuliza ni nani aliyekufanya ukimbie. Joel, nilifunga khanga yangu vizuri. Nilikaa wima kama mtu anayesubiri kuitwa jina mbele ya kanisa.

Ukasema, "Ni marehemu Mokami wa Mugumu."

Godwin akakohoa. Agness akainamia maharage yake kana kwamba ndiyo anayaona leo. Na wewe hukuishia hapo. Ukasema alipita kwetu ukiwa na miaka tisa, ukampa maji, akakwambia twende, ukaenda, na mpaka leo bado unaenda. Watu wakapiga makofi. Halafu ukasema binti yako aliyezaliwa juzi umempa jina lake.

"Mama," Godwin akasema, "kumbe una mke mwenza!"

"Na ameshakufa," nikamwambia, "hata kumpiga siwezi."

Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka. Tangu siku ulipozaliwa nakuita mume wangu, kama kila bibi wa huku anavyomwita mjukuu wake wa kiume, na wewe umeitika miaka thelathini na miwili. Kumbe miaka yote hiyo una mwingine, na picha yake umebandika ukutani. Ndiyo, Frida ameniambia. Yangu iko wapi? Kwenye sanduku?

Sasa tuyaseme ya maji. Yale maji niliyachota mimi, mtoni, kabla jua halijatoka. Kibuyu kilikuwa changu. Ulichofanya wewe ni kunyoosha mkono. Ukisema redioni "nikampa maji," waseme watu, huyu mtoto alikuwa na kisima chake?

Na huyo Mokami namjua, usidhani namsikia leo. Kila kiangazi alikuwa anapita hapa mbele, miguu myembamba kama ya korongo, kaptula kama mwanaume. Mwaka mzima alisafisha zahanati huko kwao, halafu siku moja ya mwaka anapanda gari mpaka Tarime mjini ili arudi Mugumu kwa miguu yake, mbio, mchana mmoja. Nilikuwa nauliza watu, nani anamfukuza? Baadaye wakawa wanampeleka nchi za watu akakimbie usiku na mchana, akarudi na medali. Mimi nikasema, basi huko nako wako wasio na shamba.

Ile siku ulipomfuata nilidhani utarudi ukifika mashine ya kusaga. Hukurudi. Nikaweka chini jembe, nikaja. Nilikuwa na miaka hamsini na sita, Joel, siyo msichana. Kwenye mteremko ndala ikakatika kamba. Nikazivua zote mbili nikazishika mkononi, nikaendelea. Watu barabarani wananiuliza, "Mama, umeibiwa?" Nawajibu, "Nimeibiwa mtoto!" Mmoja akaokota fimbo anisaidie.

Nilikukuta karibu na Kemambo, umekaa kwenye jiwe, yeye amekushika unyayo anakusugua. Nilimwambia maneno ambayo Agness amekataa kuyaandika. Akacheka. Akasimama, akaniamkia kwa heshima, shikamoo mama, akakuacha, akaenda zake na mbio zake. Nani alikubeba kurudi? Ulikuwa mkubwa, miguu yako inanipiga kwenye magoti. Nilikubeba mpaka nyumbani na ukalala mgongoni mwangu ukinidondoshea mate shingoni. Huo mgongo redioni haukutajwa.

Siku ile tulikimbia watatu. Wewe umetaja wawili.

Nikaona nife. Kisha nikaona kufa ndiko kwenye faida, maana kwetu mtoto hapewi jina la aliye hai. Miaka sabini na tisa nimekaa na hili jina langu, Wegesa, nalitunza lisichafuke, nikijua siku moja wewe utazaa wa kike. Kosa langu ni kwamba nimechelewa kulala. Yeye ameugua wiki mbili mwaka jana, amekwenda, amepata. Hata kwenye kufa amenipita mbio.

Lakini na wewe una kosa lako, na hili ni kubwa, usilicheke. Jina la aliyelala lina nyumba yake. Linaombwa kwa wenyewe. Wewe umelichuma kama pera la njiani, ukalitangaza redioni kabla mama aliyemzaa hajaulizwa. Nani alikufundisha hivyo? Songea?

Nikasema, nitakwenda Mugumu. Nikwambie ukweli, mume wangu, sikwenda kukuombea. Nilikwenda wakunyime. Nilikuwa na maneno yangu tayari: mjukuu wangu hana adabu, amechukua jina lenu bila ruhusa, mkatazeni. Nikajua wakikataa huna la kufanya, utabaki unanitazama mimi.

Asubuhi naondoka, Agness akaniambia, "Mama, utaingiaje nyumba yenye msiba mikono mitupu?" Akanifungia kuku mtetea na unga wa wimbi kwenye kitambaa cheupe. Nikapokea, kichwa changu kimejaa wivu, sikufikiri. Na yeye sasa hivi anaandika huku amefumba midomo. Andika, Agness, andika na hilo.

Niliposhuka kwenye gari nikapanda kilima kwa miguu mpaka kwao. Nilipumzika mara mbili, na hizo mara mbili usimwambie mtu. Mama yake Mokami anaitwa Sarah, mzee kama mimi, macho hayaoni mbali. Alikuwa amekaa nje anachambua mboga. Akasikia hodi yangu, akanikaribisha, akapapasa nilichobeba. Kuku. Kitambaa. Akafungua, akaonja unga.

Joel, mama yule aliinuka akapiga vigelegele.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Wakati wa msiba, unga ni pole. Msiba ukiisha, matanga yakishaondolewa, kuku na unga wa wimbi pamoja havina maana nyingine kwetu. Umekuja kuomba jina. Majirani wakatoka. "Wamekuja kuomba jina la Mokami!" Mimi nimesimama pale na maneno yangu ya kukataza mdomoni, yamenishinda kumeza na yamenishinda kutema.

Akanikalisha. Akanishika mkono. "Tangu mwanangu alale," akasema, "wanakuja watu na simu, wanapiga picha viatu vyake. Wananiuliza alikimbia kilomita ngapi, alishinda nani. Nawaambia sijui, mimi nilikuwa namsubiri na ugali unapoa. Barabara ilikaa naye kuliko mimi. Wewe ndiye wa kwanza kuja na unga."

Nikaona, kumbe huyu naye ana wivu kama wangu, tena wa kwake hauna wa kumtolea. Mimi nina wewe wa kumgombeza.

Akaniuliza natoka wapi. Nikasema Nyamwaga. Akaniachia mkono.

"Nyamwaga? Basi utakuwa unamjua mama mmoja wa huko, mama wa ndala."

Nikasema, mama wa ndala yupi?

"Mokami alikuwa hamsahau. Alikuwa akisema, mama, nimekimbia na Wazungu, nimekimbia na askari, hakuna aliyenitoa jasho kama mama mmoja wa Nyamwaga. Alikuwa na mtoto mmoja amenifuata, nikataka kumrudisha, mara nasikia nyuma yangu ndala zinagongana mkononi mwa mtu, pa, pa, pa. Nikasema ngoja nimwone huyu mama atafika wapi. Kila nikiongeza, naye yupo. Wale wawili walinipeleka mpaka Kemambo."

Halafu akaniambia hivi, nisikilize vizuri. Alisema kila mwaka baada ya hapo, Mokami akifika mashine ya kusaga ya Nyamwaga, alikuwa anageuka nyuma kutazama kama nakuja.

Miaka yote hiyo mimi nilikuwa shambani nikimpa mgongo makusudi, najifanya sijamwona.

Marehemu alituhesabu watatu, Joel. Nitamchukiaje?

Nikamwambia Sarah, mama wa ndala ni mimi. Hakuamini. Akanipapasa miguu kwanza. Kisha alicheka mpaka akalia, na mimi nikalia kwa kuwa yeye analia, na yule kuku naye amejifungua kamba anakimbia uani, hakuna aliyemjali. Tulipofuta macho nikaomba jina kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa utaratibu, bila kubabaisha. Akatoa. Akamimina unga kidogo kizingitini, akalitaja jina mara nne, likawa lako.

Basi hilo ndilo jibu. Mtoto ni Mokami, na sasa ni Mokami kwa haki, siyo wa kuokota.

Sarah ana sharti moja: mtoto aletwe apakatwe na yeye. Nikamwambia ataletwa, lakini atapakatwa Nyamwaga kwanza, maana ukitokea Tarime, unaifikia Nyamwaga kabla ya Mugumu. Akasema mwenye jina ndiye wa kwanza. Nikasema mwenye mgongo ndiye wa kwanza. Tumebishana mpaka gari la kurudi likafika, na bado hatujaelewana. Kwa hiyo ukija, pita kwangu kimya kimya, halafu tutakwenda kwake wote kana kwamba ndiyo umeshuka. Agness ameguna tena. Atanyamaza, ana deni langu la ile hila ya kuku.

Na mimi nina sharti langu. Wakikuita tena redioni, usimpunguze Mokami hata kidogo, mwache na heshima yake. Ila useme kulikuwa na wa tatu. Usiseme jina kama unaona haya. Sema tu kulikuwa na mama nyuma, ana ndala mkononi. Na ile picha ukutani isogeze kidogo, uweke na yangu. Siyo chini yake. Pembeni.

Usidhani wivu umeisha. Juzi nimepita mashine ya kusaga nikageuka nyuma, nikajikuta namtafuta, nikakasirika upya. Lakini sasa nimepata mke mwenza wa kumweza. Mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake, na kitukuu vivyo hivyo, na huyu Mokami wako mdogo bado hajui kukimbia. Yule mkubwa nilisema siwezi kumpiga. Huyu nitampiga kila akishiba, mgongoni, taratibu, mpaka acheue.

Njooni mapema. Goti nimeliambia lisubiri, na limekubali, ila siyo kwa muda mrefu.

Nisalimie Frida sana, mwambie wazazi wake nawaheshimu. Godwin anakusalimu, anasema yule dume amempa jina lako. Agness anakusalimu kwa mkono wake huu huu. Sarah wa Mugumu anakusalimu, hata kama hukumuuliza ruhusa. Mungu aitunze miguu yako, na moyo wako, na barabara unazopita, na akurudishe kila jioni kwa mtu anayekusubiri ugali ukiwa moto.

Wako akupendaye, niliyekuja nyuma yenu,
Bibi yako Wegesa