Lesnov Hufungwa Jumatatu

Wewe uliyeokota daftari hili, nakuomba kwa heshima ya mama yako, neno lisitoke. Hata moja. Asisikie patron, mkuu wetu wa kazi, asisikie Nadège, na zaidi ya wote asisikie Maman Angèle. Lifunge, ulirudishe ulipolikuta. Mimi ni karani tu wa ofisi ya safari, na mambo haya yakijulikana nimekwisha.

Jumatatu, 28 Aprili

Vijitabu vya Lesnov vimetoka kiwanda cha uchapaji. Nimevipanga rafuni peke yangu. Karatasi nzuri. Jina langu halimo, lakini kila neno ni langu.

Lesnov ni mji mdogo wa Ucheki, chini ya milima. Miezi minane nimeusoma. Wafumaji wa kitani ndio walioujenga. Moto uliteketeza nyumba zote za mbao, wakajenga upya kwa mawe. Uwanjani kuna nguzo iliyosimamishwa kumshukuru Mungu baada ya tauni. Kuna ngome, kuna kinu cha zamani ambacho sasa ni makumbusho ya kufuma, na kilimani kuna mnara wa kuangalia bonde. Nautembea nikiwa nimefumba macho.

Sijawahi kuuona. Kadi yangu ya ukaazi inangoja kufanywa upya, na siwezi kuvuka mpaka kwa kikaratasi cha muda. Nadège, karani mwenzangu, alipelekwa badala yangu. Siku mbili tu. Akarudi na picha na mashavu mekundu.

Jumanne, 29 Aprili

Leo Nadège amesimulia tena safari yake, mbele ya wateja. Kinu kwake ni «kile kinyumba ya mashine». Tauni hakuitaja. Wateja wakacheka, wakanunua. Mimi nikieleza, wanaangalia saa.

Akanigeukia: «Professeur, unajua kila jiwe ya ule muji, lakini hata jiwe moja haiyakuonaka!»

Ofisi nzima ikacheka. Nami nikacheka. Namchukia.

Ijumaa, 2 Mei

Patron ametuita. Kuanzia Juni atabaki karani mmoja. Hakusema nani. Bila mkataba kadi yangu haitafanywa upya.

Nadège alitoka pale akiimba.

Jumatatu, 5 Mei

Nadège amepata kundi la kwenda Lesnov. Kina mama thelathini wa kanisa letu la Koekelberg, hapa Brussels, basi zima. Nami ndiye niliyempelekea Maman Angèle kile kijitabu! Alikisoma jikoni kwa sauti, kurasa zote. Huyu ndiye aliyenipokea nilipofika kutoka Bujumbura, akanipa chumba na sahani. Hajawahi kusafiri kwa kutembea tu. Safari zake zote zilikuwa za kukimbia. Sasa ameshona kitenge kipya kwa ajili ya Lesnov.

Na amejiandikisha kwa Nadège. Hakusubiri nimwandikishe mimi.

Jumanne, 6 Mei

Naandika haraka.

Ratiba zote hupita mezani kwangu kukaguliwa. Ya Nadège imepita leo. Jumamosi, njiani. Jumapili, kanisani. Jumatatu tarehe 12, ngome, makumbusho, mnara. Jioni, kurudi.

Jumatatu! Huko ngome na makumbusho hufungwa Jumatatu, hata mnara. Wanafungua Jumapili, wanapumzika kesho yake. Nadège amepanga kama sisi tunavyopanga. Kwa kina mama wetu Jumapili nzima ni ya Mungu. Wakiingia kanisani asubuhi wanatoka jua likizama, na hakuna anayethubutu kuwaambia waende kutazama ngome. Kwa hiyo akawawekea Jumatatu. Kwenye kijitabu saa za kufungua zimo, herufi ndogo, ukurasa wa mwisho. Hakufika huko.

Ilikuwa niseme neno moja. Nilishika kalamu. Nikafikiria Juni.

Nimetia sahihi yangu.

Alhamisi, 8 Mei

Sikulala. Najiambia kosa ni lake. Kisha najijibu kwamba sahihi ni yangu. Patron akiuliza nitasema sikuona. Nimefanya mazoezi mbele ya kioo. Uso wangu hauaminiki.

Maman Angèle ananiuliza kama huko kuna baridi. Ananiuliza kama vyombo vya kufumia vinaruhusiwa kuguswa. Nimemjibu ndiyo.

Jumamosi, 10 Mei

Basi limeondoka mbele ya Basilika ya Koekelberg alfajiri. Nilikwenda kumbebea Maman mkoba. Nadège alisimama mlangoni na orodha, kila mama anambusu. Bado ningeweza kusema. Dereva aliwasha injini. Nilipunga mkono kama mjinga.

Wakati ule nilikuwa na furaha kidogo. Niandike ukweli. Furaha kidogo.

Jumatatu, 12 Mei

Simu ililia saa nne asubuhi. Nadège.

«Allô, Professeur! Huku milango yote imefungwa. Yote! Bamaman banachoka kusimama. Bon, nimeweka simu kwa sauti. Banakusikia. Ongea.»

Hakulia, hakuniuliza kitu. Hakuniwazia baya hata chembe.

Nikaongea. Nikawaambia waangalie juu, kwenye nguzo. Nikawasimulia tauni. Nikawageuza kushoto, wahesabu matao ya mtaa wa wafumaji, na nikasikia kina mama wakihesabu kweli, kwa Kifaransa, wakibishana. Nikafika kwenye Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Nikasema baada yake waliozungumza Kijerumani, waliozaliwa palepale na babu zao palepale, walifukuzwa wote, na wageni wakapewa nyumba zao.

Sauti ya Maman Angèle: «Walitoka na nini, mwanangu?»

«Na mizigo waliyoweza kubeba, Maman.»

Kisha akasema, pole pole, «Kama siye.» Mmoja akaanzisha wimbo wa wafu. Thelathini wakauimba uwanjani Lesnov, mimi nimeshika simu Brussels, mlango wa stoo nimeufunga.

Jumanne, 13 Mei

Wamerudi. Maman Angèle anasema haijapata kutokea safari nzuri hivyo. Nadège amemwambia patron, mbele yangu: «Ni huyu aliyetuokoa. Bila yeye tungepata haya.»

Patron akanipa mkono. Akasema Juni hataki kumpoteza mtu wa namna hii.

Afadhali Nadège angejisifu. Ningejua la kufanya. Hata kwa wema amenishinda.

Alhamisi, 15 Mei

Nimemwambia patron. Ratiba niliiona, nilijua, nikatia sahihi. Nadège alikuwa kwenye meza ya pili. Aliendelea kugonga muhuri kwenye bahasha, moja, nyingine, kisha akaacha.

Nafasi ni yake. Ndivyo inavyostahili. Wivu bado upo. Umekaa tu, hausemi.

Ijumaa, 16 Mei

Mvua ndogo. Nimeondoa vitu vyangu vyote mezani. Nadège hakunisemesha, wala hakunitukana. Nimemwachia kikaratasi. Nakinakili hapa nisije nikasahau nilichothubutu kuandika.

«Ukitaka kunisema, njoo. Shuka kwenye metro nyuma ya Basilika, fuata mtaa unaoteremka, mlango wa kijani baada ya duka la mikate. Kengele ya juu imekufa, bonyeza ya kati. Jioni zote nipo. Akifungua Maman Angèle, sema umekuja kunisalimu tu. Yeye bado sijamwambia.»