Umenikatia Simu Hewani

Mwanangu,

Hapa tu wazima. Kuku wanataga, na bati lililokuwa linavuja fundi ameshaliziba.

Sasa niambie, nani kakufunza kumwita mtoto wa watu "mlango wa choo cha stendi, kila mtu anapita"? Yule golikipa unayemchamba kila asubuhi kwenye kipindi chako cha michezo ni mtoto wa jirani yangu, yule mama fundi cherehani aliyekushonea sare za shule. Tangu umwandame hatoki chumbani. Chakula anakiacha vilevile. Mama yake kaogopa, kaniletea mikasi na nyembe zake zote nimfichie. Unaelewa kwa nini?

Juzi nikapiga simu huko studio. Nikasema, "Mtangazaji, mwache kijana apumue." Ukanijibu, "Bi mkubwa, mpira umeujulia wapi? Kaangalie sufuria, wali unaungua!" Ukakata simu, na mwenzako akacheka mpaka akakohoa. Sauti yangu hukuijua, mimi niliyekubembeleza mpaka ukaota meno ya kunitafuna.

Nimekasirika, sikufichi. Wala usinipigie kuniomba radhi, mimi nitapoa tu, ni mama yako. Muombe yeye, hukohuko redioni, watu wakisikia kama walivyosikia matusi. Ukimuomba, nitaongeza sauti ya redio mpaka imfikie humo chumbani. Usipomuomba, usikanyage kwangu.

Na ule vizuri, umekonda.

Mama yako, hasira bado ninazo