Kikohozi cha Bosko

Mungaa

Mke wangu mdogo Jenipher,

Marahaba, ingawa shikamoo yako sijaiona tangu mavuno ya alizeti.

Yule daktari wa mifugo uliyemtuma alimchoma mbwa wako Bosko sindano ya mwaka mzima, ya kuzuia minyoo ya moyo inayoletwa na mbu. Kwanza aliuliza, "Anakohoa? Kama anakohoa, huenda minyoo imo tayari; tupime damu kabla." Nikaogopa atamnyima dawa, nikakana. Bosko, hana adabu, akakohoa palepale. Nami nikakohoa kwa nguvu kumfunika.

"Babu, nenda zahanati," daktari akanihurumia.

Tangu juzi Bosko hali wala hainuki. Nakaa, nasimama, nazunguka ua. Nikimaliza kuandika nampakia kwenye bodaboda, nikamwambie daktari ukweli.

Ukija usipomkuta, nigombeze mimi. Daktari hana kosa.

Mumeo asiye na meno,
Babu Anselm