Gari Lililougua Kila Jumatatu

Mama, mwaka umetimia tangu ulipotoka nyumbani Jumatatu asubuhi, grisi ikiwa bado kwenye kucha, ukasema unakwenda hospitali kupima presha tu na chai yako isimwagwe. Jioni ukawa umetutoka. Tunakuandikia leo tukiwa tumesimama wima, wala hatujainama, kwa sababu yametokea mambo hapa uani ambayo lazima uyasikie, na wengine nao wasikie.

Mtaani walikuita Mama Boneti. Walianza kwa kukucheka, mshonaji wa sare za shule anayelala chali chini ya gari huku pini zimechomekwa kwenye kola. Wakasema ni kiranga. Ulipowatengenezea magari yao wakaacha kucheka, ila jina likabaki, nawe ukalipenda. Ulikuwa umejifunza kwa kufungua cherehani na kuifunga tena, na hukuona kwa nini injini ikushinde. Mtoto aliyepita kwako na sare iliyochanika alirudi kwao nayo ikiwa imeshonwa, na hukuwahi kulitaja jambo hilo mezani.

Mtu akija kulalamika kuhusu gari lake, hukugusa kitu. Ulivuta kigoda, ukaketi, ukaanza kumhoji. "Usiniambie limeharibika," ulikuwa ukisema. "Niambie limefanya nini, lini, na wewe ulikuwa unafanya nini." Hapo ndipo mtu alipokumbuka kwamba mlio unatoka akikata kona ya kushoto tu, au kwamba ile harufu ilianza siku alipomwaga maziwa kwenye zulia. Nusu ya magari ya mtaa huu uliyaponya ukiwa umekaa.

Ulipoondoka, gari lako jeupe lenye mlango mmoja wa rangi nyingine lilibaki kwa binti yako mkubwa, mwalimu wa chekechea. Miezi ya mwanzo lilikwenda vizuri. Kisha likaanza kuugua, tena kwa ratiba. Jumatatu asubuhi lilikohoa, likatetemeka, likazima. Akirudia, likakataa kabisa, na kule shuleni watoto wakawa wanamsubiri mlangoni na mabegi yao mgongoni. Jumanne lilikohoa kidogo. Ikifika Jumatano lilikuwa zima, utadhani lilikuwa linatutania. Alilipeleka gereji siku ya Alhamisi, maana ndiyo siku aliyopata nafasi. Fundi akaliwasha, akalizungusha mtaa mzima, akasema hana cha kutengeneza. Na kweli, siku hiyo halikuwa na kitu.

Basi watu wakaanza kuunganisha maneno. Mama Boneti alifariki lini? Jumatatu. Gari linaugua lini? Jumatatu. Wakasema linaomboleza. Nasi tukaamini, Mama. Pamoja na yote uliyotufundisha, tukaamini. Siku hiyo ikifika tulikuwa tukipita karibu nalo tunapunguza sauti. Kitinda mimba wako, mpishi, mtu asiyeishiwa na mzaha, alionekana akilipa pole huku amelishika taa.

Shemeji yako, baba yetu mdogo, hakuwa na habari na pole. Alisema gari lina mkosi, kwamba lisemwalo lipo, na kwamba haifai liingie mwaka wa pili likiwa uani. Akatafuta mnunuzi wa vyuma chakavu, akasema atamleta Jumatatu ajionee mwenyewe lisivyowaka, kisha alivute. Aliyasema hayo mbele ya ukoo mzima. Tangu uondoke, Baba, kinyozi wako aliyekuwa akiongea saluni tangu kufungua mpaka kufunga, hajibu mengi. Aliyejibu ni binti yako. Alisema gari la mama yake halitoki pale kwa kuburutwa, ng'o. Baba mdogo akamuuliza kwa upole kama siku hizi amekuwa fundi. Akasema hapana, yeye ni mwalimu wa chekechea, na mtoto akilia darasani humuuliza kwanza anaumwa wapi.

Jumamosi alivuta kigoda chako akaketi mbele ya gari, akajiuliza maswali yako. Limefanya nini? Injini inazunguka kwa nguvu, kwa hiyo betri haina shida. Harufu ya petroli ipo, kwa hiyo mafuta yanafika. Kilichobaki ni moto wa plagi. Lini? Jumatatu. Na sisi tulikuwa tunafanya nini? Hapo akakwama. Sote tulikuwa tumeikodolea macho Jumatatu, na hakuna aliyeitazama Jumapili.

Kwa hiyo Jumapili hakwenda popote. Alikaa dirishani. Baada ya chakula cha mchana Baba alitoka na ndoo kuliosha gari lako, kama ilivyokuwa desturi yake. Hilo tulilijua, na tulilipenda. Tusilolijua ni kwamba miezi hii ya karibuni akishamaliza nje alifungua boneti, akamimina maji ya sabuni juu ya injini, akasugua kila mfuniko taratibu, kisha akamimina ndoo ya pili ya kusuuza.

Binti yako alishuka. Alichomoa waya wa plagi ya kwanza, akasokota kitambaa akakiingiza kwenye shimo lake. Kikatoka kimelowa chepechepe, kinanukia ile sabuni ya saluni. Angeweza kukausha kimyakimya na kumwachia mzee faraja yake. Hukumlea hivyo.

"Baba," alisema, "maji yako ndiyo yanayozima plagi."

Baba aliigeuza ndoo, akaikalia.

"Kule hospitali hawakuniruhusu hata kumwosha uso," alisema. "Nikaona basi nioshe kitu chake."

Sasa sikiliza, Mama. Ulimpiga marufuku mume wako kugusa boneti tangu siku alipotia maji ya rejeta kwenye tundu la oili. Marufuku hiyo tumeiondoa bila ruhusa yako, na ukitaka kukasirika, kasirika. Binti yako alimwambia asiingie ndani, kazi bado ipo, akamtuma saluni alete draya ya nywele. Tukavuta waya wa umeme kupitia dirishani, na kinyozi wako akapuliza mashimo ya plagi moja baada ya jingine, kidole akikiweka pembeni kupima joto, anavyofanya kwa mteja. Kitinda mimba akauliza kama gari litanyolewa na ndevu. Baba akamwambia akili ni nywele, kila mtu ana zake, na yeye na zake apishe mwanga. Tulikuwa hatujamsikia akitania tangu msiba.

Jumatatu Baba mdogo alifika na mnunuzi, na mnyororo wa kuvutia. Binti yako alikuwa ameshakaa kwenye usukani, Baba pembeni yake na draya mapajani. Akazungusha ufunguo. Likawaka hapo hapo, bila kikohozi. Baba mdogo akasema limebahatisha, lizimwe liwashwe tena. Likazimwa, likawashwa, likaunguruma vilevile. Akasema hata hivyo, gari lenye msiba si gari la kupandwa na watu.

Binti yako alishusha kioo. "Baba mdogo," alisema, "gari halina msiba. Msiba tunao sisi."

Mnunuzi alikunja mnyororo wake. Baba akaanza kulia. Hakulia hospitali, hakulia makaburini, watu wakamsifu kuwa ni jasiri. Alilia pale getini kwa sauti, injini ikiunguruma, na binti yako hakumnyamazisha. Alishika usukani, naye akalia. Mwaka mzima tulikuwa tumelitwika gari kilio chetu, na asubuhi ile tulilitua mzigo ambao haukuwa wake. Kisha akatia gia, kwa sababu watoto walikuwa wanamsubiri mlangoni.

Wapo wanaotuambia kwamba mwaka ukishatimia inatosha, tufute machozi na vifaa vyako tuvigawe. Spana zako zipo kwenye droo ya cherehani ulipoziacha, na tunazitumia. Machozi nayo yapo, tunayatumia pia.

Unakumbukwa na mume wako, kinyozi, ambaye sasa anaosha nje tu. Na binti yako mkubwa, mwalimu, ambaye majirani wameanza kumgongea mlango na magari yao. Na kitinda mimba wako, mpishi. Na shemeji yako, aliyeomba mwenyewe atajwe hapa, nasi tukamkubalia.

Tutakukumbuka siku zote, Mama, na hatumwombi mtu ruhusa.