Pazia la Sufu la Mama Kabira

Mpendwa Mama Kabira,

Binti yako amenitumia ujumbe wa sauti kwamba umetangulia. Nimeusikiliza nikiwa jikoni kwangu hapa Machakos, na sikujua nimpelekee nani pole. Majirani wangeniuliza, huyo bibi wa Kiarabu ni nani yako? Basi nimeona nikuandikie wewe mwenyewe.

Nilifika Riyadh mwaka ule mawakala walipokuwa wakijaza ndege kwa wasichana wetu. Kazi yangu ilikuwa wewe: kukuogesha, kukupa dawa, kukupikia. Asubuhi ya kwanza nilikukuta umeketi chini uani kwa mwanao kule Murabba, miguu umeinyoosha, na mbele yako nyuzi zimetandazwa karibu na ardhi kutoka ukutani hadi langoni. Zilishikwa na miti miwili, nayo miti imefungwa kwenye vigingi vinne. Watu wa nyumba walizivuka tu kama wanaovuka bomba la maji.

Nami nilikuja na kiburi changu. Nimezaliwa kwenye vyondo, vikapu vyetu vya katani, mama yangu akisokota nyuzi pajani tangu sijaota meno. Nikainama nione hicho ulichokuwa ukifuma. Nikashika mdomo! Nyekundu pembeni, nyeusi na nyeupe katikati, meno madogo madogo yamefuatana bila hata moja kupotea njia. Nikatafuta karatasi ya kuigia, sikuiona.

"Mchoro uko wapi?" nikakuuliza kwa Kiarabu changu cha kuokoteza.

"Mafi, hakuna mchoro," ukasema, na kuendelea kushindilia uzi kwa pembe ya swala.

Lilikuwa pazia la hema, la kutenga upande wa wanaume na wa wanawake, kama yale ya utotoni mwako jangwani. Hema lenyewe halikuwapo tena. Lakini daktari alikuwa amekwambia macho yako yanakwisha, nawe ulitaka jambo moja tu, ulimalize kwanza.

Kisha ikaamuliwa uhamie kwa bintiyo Jeddah, karibu na hospitali ya macho. Siku ya safari ulishika kigingi cha kwanza ukaking'oa. Nilipiga ukelele. Kiondo nakijua, unakibeba, unafuma ukienda sokoni. Lakini kazi iliyofungwa ardhini, ukiing'oa si umeiua? Nikalia kweli kweli, nawe ukacheka hadi shela ikakuteleza.

"Wewe! Sisi tulikuwa watu wa kuhama," ukasema. "Tunang'oa, tunakunja, tunapakia juu ya ngamia. Tukifika, tunapigilia tena. Yalla, shika huko!"

Tukaikunja pamoja na miti yake, kama mkeka, tukaiweka nyuma ya gari.

Jeddah hapakuwa na ardhi ya kupigilia kigingi, ni vigae kila mahali. Nikapanda juu ya paa, nikajaza saruji kwenye makopo ya rangi, nikasimamisha vyuma humo. Zilipokazwa tena nyuzi, ulizipitishia kiganja zikalia, nawe ukaniita binti yangu. Mama, siku hiyo nilitembea nimevimba kichwa.

Macho yalizimika kabla ya pazia kwisha. Nikasema moyoni, halas, imekwisha. Siku nzima niliogopa hata kukuletea chai. Kesho yake ukaniamuru nikupandishe juu. Nilikwambia nitakuwa macho yako.

"Macho ya nini?" ukafoka. "Nyeupe ni pamba. Nyeusi ni sufu."

Ukanifumba macho kwa kiganja chako, ukaviburuta vidole vyangu juu ya nyuzi. Pamba iliteleza. Sufu ilikwaruza. Ukaketi, ukaanza kuokota nyuzi moja moja, hii juu, hii chini, na meno yakaendelea palepale yalipoishia. Mimi ni Mkristo, wewe Mwislamu, lakini nilinong'ona sala yangu pale juu ya paa, maana niliona jambo kubwa kuliko mimi.

Siku hizi natengeneza vyondo vya kuuza. Mara nyingine nafumba macho nijaribu, nakosea mstari wa kwanza tu, nacheka peke yangu. Nimekukosa sana, mama.

Ninaloshukuru zaidi ni asubuhi ile ulipokata nyuzi za mwisho. Nililiinua pazia kwa mikono yote miwili, jua likaangukia ile nyekundu.

"Niambie basi," ukasema. "Limetoka zuri?"

Nilitafuta neno kwa Kiarabu, kwa Kiswahili, kwa Kikamba, nisilipate. Nikaitikia kwa kichwa. Nikaitikia tena na tena, machozi yananitiririka, nikingoja utabasamu. Ukaniuliza mara ya pili. Ndipo nikashtuka: kwa jinsi ulivyolifuma, nilikuwa nimesahau kabisa kwamba huoni.

Pumzika, mama. Lilitoka zuri mno.

Binti yako wa Ukambani